Moshi kazini na vihatarishi vya saratani Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiendesha mafunzo ya usalama na afya kazini, na kikao kikifika kwenye mada ya moshi, mikono hunyanyuka. Mara nyingi anayeuliza si karani wa ofisini. Ni mhudumu wa baa, mlinzi wa usiku, mama lishe, dereva wa lori la masafa marefu. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, na majibu ninayowapa.

Sheria ya kutovuta sigara kazini ni moja Afrika Mashariki yote?

Mkataba ni mmoja, sheria ni tofauti. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulianza kutumika Februari 2005, na ibara yake ya 8 inazitaka nchi ziwalinde watu dhidi ya moshi katika sehemu za kazi za ndani, vyombo vya usafiri wa umma na maeneo ya umma. Kenya iliridhia 2004, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2005, Tanzania na Uganda 2007. Baada ya hapo kila mmoja akashona nguo kwa kipimo chake.

Uganda ndiyo iliyofunga mlango kabisa. Sheria yake ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, hairuhusu kuvuta mahali pa kazi wala pa umma, haina chumba cha wavutaji, na inamtaka mvutaji asogee mita 50 kutoka sehemu hizo. Kampuni ya British American Tobacco iliipinga kwenye Mahakama ya Katiba, ikashindwa 2019.

Kenya ina sheria ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008. Ukikutwa unavuta pasiporuhusiwa unaweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000 za Kenya au kufungwa hadi miezi 6. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kutenga eneo la wavutaji. Kanuni zake za 2014 nazo zilipelekwa mahakamani na kampuni ya sigara, hadi Mahakama ya Juu ikaitupa kesi Novemba 2019.

Tanzania ilitangulia wote kwa sheria ya 2003, na umri wake unaonekana. Inakataza kuvuta kwenye maeneo ya umma huku ikiacha nafasi ya kutenga eneo maalumu. Zanzibar ina sheria zake, maana afya si jambo la Muungano.

Eneo maalumu la wavutaji lina ubaya gani? Si ndiyo haki kwa pande zote?

Hapa ndipo ninapogombana na mameneja. Wengi huona chumba cha wavutaji kama suluhu ya kiungwana: anayetaka avute, asiyetaka akae nje. Kasoro ni kwamba moshi hausomi kibao. Mlango hufunguliwa na kufungwa siku nzima, na kila ukifunguliwa hewa ya ndani inahamia kwenye korido. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya 2006 iliweka wazi kwamba kutenganisha wavutaji na wasiovuta, kusafisha hewa kwa mashine au kuongeza feni hakuondoi hatari, na kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara kilicho salama. Feni husogeza moshi na kupunguza harufu. Chembe zenyewe zinabaki.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Niliwahi kufundisha katika hoteli moja yenye chumba cha wavutaji chenye ukuta wa kioo, kizuri kabisa, na viti vya ngozi. Mteja alikuwa akiingia, anavuta dakika kumi, anatoka. Dada wa usafi alikuwa akiingia kila nusu saa kumwaga majivu na kufuta meza, zamu nzima ya saa nane. Yeye havuti. Aliniambia mwanawe wa miaka mitano hukataa kupakatwa akirudi, anasema mama ananuka "kama mjomba". Sasa nieleze: chumba kile ni mahali pa starehe pa nani, na ni mahali pa kazi pa nani?

Mimi sivuti. Moshi wa wenzangu unaniongezea hatari kiasi gani?

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, limeuweka moshi wa sigara ya mtu mwingine kwenye kundi la kwanza, yaani visababishi vilivyothibitishwa kwa binadamu. Asiyevuta anayeishi au kufanya kazi na wavutaji ana hatari ya saratani ya mapafu iliyopanda kwa asilimia 20 hadi 30. Usiisome vibaya asilimia hiyo. Haimaanishi watu 30 kati ya 100 wataugua. Tuseme katika kundi fulani la wasiovuta wangeugua 10. Kwenye moshi wangekuwa 12 au 13. Kwa mtu mmoja ni nyongeza ndogo; kwa nchi nzima ni makaburi mengi. Duniani kote moshi wa wengine huua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka, na wengi wao hufa kwa moyo na mapafu hata kabla saratani haijafika.

Nchi ipi ina moshi mwingi zaidi kazini?

Upo utafiti wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ambao umefanyika nchi zote tatu kwa maswali yanayofanana. Uganda mwaka 2013 watumiaji wa tumbaku walikuwa asilimia 7.9 ya watu wazima, Kenya mwaka 2014 asilimia 11.6, Tanzania mwaka 2018 asilimia 8.7. Ukiuliza sasa wanaofanya kazi ndani ya majengo ni wangapi waliokutana na moshi kazini, picha inageuka: Tanzania karibu theluthi moja, Uganda karibu mmoja kati ya watano, na Kenya chini kidogo ya hapo.

Angalia hapo. Kenya ndiyo yenye watumiaji wengi kwa asilimia, lakini ofisini kwake moshi ni mdogo kuliko kwa Watanzania. Miaka ya utafiti haifanani, na Uganda ilipimwa kabla ya sheria yake ya sasa, kwa hiyo si mashindano ya mbio. Hata hivyo mimi naona alama ya sheria inayofuatiliwa. Kwenye baa na vilabu vya usiku, nchi zote tatu hali ilikuwa mbaya kuliko ofisini. Na baa ni ofisi ya mhudumu.

Basi Tanzania ndiyo inaongoza kwa saratani ya mapafu?

Hapana, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Kwa ukanda wetu wote saratani ya mapafu bado iko chini ukilinganisha na Ulaya au Marekani, kwa sababu wavutaji wetu ni wachache na wengi huvuta sigara chache kwa siku. Saratani zinazojaza wodi zetu ni za shingo ya kizazi, matiti, tezi dume na umio. Moshi wa kazini ni kihatarishi kimoja kwenye kapu lenye vingi, na kapu hilo linabadilika ukivuka mkoa.

Kwa wanawake kihatarishi kikubwa cha shingo ya kizazi ni virusi vya HPV. Sigara huongeza chumvi kwenye kidonda, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita. Chanjo ya virusi hivyo ilianza kitaifa Rwanda 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Kama una binti aliyefikia umri wa chanjo hiyo na hajachanjwa, hilo lina uzito kuliko kibao chochote utakachobandika ofisini.

Mbona Bonde la Ufa na Kilimanjaro kunasikika saratani ya koo kila kukicha?

Wanayoita saratani ya koo mara nyingi ni saratani ya umio, ule mrija wa kupitisha chakula. Kuna ukanda mzima unaoteremka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi isivyo kawaida, na huwapata hata watu wa miaka thelathini na kitu. Nje ya ukanda huo, kwa mfano Afrika Magharibi, ni nadra.

Watafiti wameuchunguza Eldoret, mjini Moshi na Malawi, na hawajakuta mchawi mmoja. Tumbaku imo. Pombe imo, hasa ya kienyeji na kali, na ukichanganya pombe na sigara hatari haijumlishwi, inazidishwa. Moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha umo kwenye orodha ya washukiwa. Meno yaliyooza au kubadilika rangi kwa floridi ya maji, kama tunavyoona kuanzia Arusha hadi Bonde la Ufa, nayo yamejitokeza. Na chai.

Naam, chai. Vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 vilitajwa na wataalamu wa Lyon mwaka 2016 kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Kosa si la majani ya chai, ni la moto. Tunajisifu kwa kuinywa ikitoka mvuke. Nimeona wafungaji mizigo wakishindana kumaliza kikombe kabla mapumziko ya saa nne hayajaisha. Dakika tano za kuiacha ipoe hazimgharimu mwajiri kitu, ila muda wa mapumziko uwe wa kutosha.

Wapo wanaonyooshea kidole mursik, maziwa ya mgando yanayohifadhiwa kwenye kibuyu chenye mkaa wa mti. Yamekutwa na asetaldehaidi, kemikali ileile inayozalishwa mwilini na pombe, kwa hiyo shaka ina msingi. Lakini Malawi hawanywi mursik na ugonjwa wanao. Mwenye kulaumu chakula cha kabila moja anajipunguzia kazi ya kufikiri.

Chakula kikianza kukwama kifuani, kwanza nyama na ugali, kisha hata uji, usisubiri. Wengi hufika hospitali wakiwa hawamezi hata maji.

Na Kanda ya Ziwa? Tunaambiwa ni zebaki ya machimbo.

Zebaki ni sumu kwa neva na figo, wala simshauri mtu kuchoma dhahabu jikoni kwake. Lakini machimboni kuna kitu kilichothibitishwa zaidi ambacho hakizungumzwi: vumbi la mawe lenye silika. Hilo lipo kundi la kwanza, pamoja na sigara, kwa saratani ya mapafu. Mchimbaji anayetoboa mwamba mkavu bila maji, akitoka shimoni anawasha sigara, amejibebesha mizigo miwili.

Ziwani kuna kichocho. Aina inayokaa kwenye kibofu, ile inayokufanya ukojoe damu, husababisha saratani ya kibofu ikikaa miaka bila dawa. Wakulima wa mpunga na watoto wanaooga mabwawani ndio walengwa, na dawa yake ni rahisi.

Tahadhari moja kuhusu maneno "kanda fulani inaongoza". Saratani huhesabiwa pale inapopimwa. Kampala ina daftari la kuandikisha wagonjwa tangu miaka ya 1950. Eldoret na Nairobi yao ni ya juzijuzi. Mkoa usio na mpimaji huonekana mzima.

Mimi moshi wangu si wa sigara. Nachoma nyama, nakaanga, natumia mkaa. Je?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kama vile halihusiki, na kwangu ndilo kubwa. Sheria za tumbaku hazimwoni mama lishe. Moshi wa kuni majumbani umewekwa kundi la pili, "huenda unasababisha", na moshi wa makaa ya mawe kundi la kwanza, kwa saratani ya mapafu. Moshi wa injini za dizeli uliingia kundi la kwanza mwaka 2012. Hapo wamo makondakta, mafundi wa gereji na walinzi wa vituo vya mabasi.

Kinachosaidia jikoni ni vitu vya kawaida: jiko lihamie upande upepo unakotoa moshi, ukuta mmoja uwe wazi juu, kuni ziwe kavu kabisa, na anayekaa motoni abadilishwe. Wachoma samaki wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaotumia tanuri lenye bomba refu huniambia kitu cha kwanza walichokiona ni macho kuacha kuwasha. Gesi ni bora, ila najua bei ya mtungi.

Nalima tumbaku Urambo. Kuilima tu kunaleta saratani?

Tenganisha mambo mawili. Ukivuna majani yakiwa na umande, nikotini inapenya kwenye ngozi. Unatapika, kichwa kinazunguka, usiku hulali. Hiyo ni sumu ya tumbaku mbichi, si saratani. Vuna umande ukikauka, vaa mikono mirefu, na watoto wasiguse.

La pili ni bani, yaani banda la kukaushia majani ya tumbaku kwa moto. Kukausha huchukua siku kadhaa na moto hauruhusiwi kuzimika, kwa hiyo mtu hulala hapo mlangoni akichochea magogo. Niliingia kwenye bani moja Tabora wakati wa kupakua: majani ya rangi ya dhahabu, joto linakushika koo, na mzee mwenye bani anakohoa kwa mpangilio kama saa ya ukutani. Alikuwa havuti sigara. Miaka zaidi ya ishirini ya moshi wa magogo na vumbi la tumbaku, na hakuna mkaguzi aliyewahi kupaita pale mahali pa kazi.

Ugoro, tambuu na shisha ni nafuu kwa kuwa havisumbui wenzangu?

Havisumbui wenzako, isipokuwa shisha. Ugoro na tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa na umio. Popoo kwenye tambuu ni kisababishi hata ikitafunwa bila tumbaku. Wazee wa pwani hawapendi kulisikia hilo. Shisha moshi wake hupita kwenye maji, lakini maji hayachuji sumu, na mkaa wake huongeza hewa ya kaboni monoksaidi. Uganda imeikataza kwa sheria ile ya 2015, Tanzania ilitangaza marufuku Julai 2016, Kenya na Rwanda Desemba 2017. Nchini Kenya marufuku hiyo imerudi mahakamani zaidi ya mara moja, na usiku wa Ijumaa ukipita baadhi ya mitaa utadhani haikuwahi kutangazwa.

Kenya ina sheria tangu 2008. Mbona saratani haijapungua?

Kwa sababu saratani ya mapafu huchukua miaka 20 hadi 30 tangu mtu aanze kuvuta moshi. Wanaougua leo walivutishwa zamani. Kinachobadilika haraka ni kikohozi, pumu na mshtuko wa moyo. Ireland ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kukataza sigara katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, Machi 2004, wahudumu wa baa walionekana kupumua vizuri zaidi ndani ya mwaka mmoja.

Nina ndugu Kentucky anayefanya kazi ghalani. Si Marekani wanalindwa?

Inategemea amekaa wapi. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima kwa sehemu za kazi za watu binafsi. Kila jimbo lina lake. California ilianza kukataza 1995, na baa zikafuata 1998. Kentucky, ambako Wakongo wengi wanaoongea Kiswahili wamehamia Louisville na Lexington, haina sheria ya jimbo inayogusa sehemu zote za kazi. Lexington ina yake iliyoanza kutumika 2004 na Louisville ikafuata, kwa hiyo ndugu yako akihama mji anaweza kuhama na ulinzi. Kentucky ni jimbo la wakulima wa tumbaku na kwa miaka mingi limekuwa kileleni kwa saratani ya mapafu nchini humo. Utah, wavutaji wachache kuliko wote, iko chini kabisa. Mwenye shamba la tumbaku huchelewa kufunga dirisha, huko kama huku kwetu.

Nikiacha sasa baada ya miaka 20, kuna faida?

Ipo. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Moyo hupata nafuu mapema zaidi.

Bosi ndiye anayevuta. Nianzie wapi bila kupoteza kazi?

Usianze na sheria, na usianze peke yako. Andika kwa wiki mbili: tarehe, saa, mahali, nani alikuwapo. Peleka kwa mwakilishi wa usalama au wa chama cha wafanyakazi, muombe alitaje kama suala la hewa ya jengo zima bila kutaja jina. Likishindikana, Tanzania kuna bwana afya wa halmashauri na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, Kenya kuna afisa wa afya ya umma wa kaunti. Barua yenye saini kumi ni ngumu kuifukuza kazi.

Na uwe na pendekezo mkononi. Kiwanda kimoja nilichokitembelea, benchi la wavutaji lilikuwa limeegemea kibanda cha mlinzi, na moshi wote ukiingilia kidirisha chake. Mlinzi alikuwa ameziba kwa kadibodi, akawa hamuoni anayeingia getini. Walichofanya ni kulibeba benchi hadi nyuma ya karakana. Mvua zilipoanza wavutaji wakalalamika, wakawekewa paa la mabati juu ya nguzo nne, bila ukuta hata mmoja.